Mtu Aliyemfasiria Mama

Mji mzima wa Lindi ulimwita Mkalimani, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake silitaki kinywani mwangu. Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani sitasema. Yeye mwenyewe alijitambulisha kuwa mtu wa Kilwa, wa Kilwa hasa, wa watu wa kale, na kila aliposema hivyo aliiweka sawa kofia yake kichwani. Tutayafikia hayo. Kwa sasa itoshe kwamba alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango, na kwamba kazi yake ilikuwa kufasiri maneno ya watu wa bara mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mwenye wilaya, pale Boma, enzi hizo Mwingereza amekaa juu yetu na sisi tumeshamzoea.

Alikuwa na masikio ambayo sijayaona tena kwa mtu mwingine, na hasira yangu yote inaanzia hapo. Angekuwa kiziwi ningemsamehe zamani.

Msimu wa mavuno watu wa bara waliteremka na ufuta, mtama na nta, na njia yao ilipita mbele ya nyumba zetu. Mkalimani akirudi kazini alivua koti la serikali, akakaa barazani na kikombe cha kahawa, akawa anawasalimu mmoja mmoja. Mtu akishaitikia tu, alikuwa ameshamjua. "Wewe si wa Nyangao," atamwambia, "wewe wa huku chini yake, kwenye kile kijiji chenye mikwaju. Lakini umelelewa na bibi wa Kimachinga." Mtu wa watu anabaki ameduwaa na mzigo wake kichwani. Siku moja alipita mzee, hakusema kitu, alikohoa tu akaenda zake. Mkalimani akamgeukia mkewe, "Huyo amekohoa Kimakonde." Mkewe alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka.

Nami nilicheka. Nilikuwa msichana mdogo na nilipenda kukaa pale kuliko kwetu. Alinifundisha kusikia, hilo simnyimi. Alikuwa akisema kwamba ukitoka Lindi kwa miguu asubuhi kuelekea bara, hutapata mahali pa kuweka jiwe useme Kiswahili kimeishia hapa. Mitwero wanasema kama sisi, ila swali wanalivuta mwishoni. Mbele kidogo "karibu" imekuwa "kalibu." Mbele yake wanakwambia kaa ulye. Kijiji kinachofuata kisima kina jina jingine lakini ndoo ni ile ile ya kwetu. Kila kijiji kinafahamiana na jirani yake wa huku na jirani yake wa huko, na hakuna aliyewahi kumtaka jirani yake arudie neno. Unafika Rondo umezungukwa na Kimwera kitupu, ukigeuka nyuma huoni mlango uliopitia.

"Na Kilwa ni hivyo hivyo," alikuwa akisema. "Panda mpaka Kipatimu. Kimatumbi hakikungojei njiani na bendera."

Kisha ataita mkewe alete mfano wake aupendao. Mkewe atanyanyua kichwa pale anapokuna nazi, amechoka na mfano huo. "Tui la kwanza ni zito," Mkalimani atasema. "La pili jepesi. La tatu jepesi zaidi. Unaendelea kukamua. Nionyeshe tui lilipogeuka maji." Hakuna aliyeweza kumwonyesha, na yeye alifurahi kama mtu aliyekufunga bao.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili mtu asije akaniambia kwamba hakujua. Wapo wanaoniambia hivyo hadi leo. Wanasema ile ilikuwa kazi ya serikali, na mtu wa serikali hujibu anachoulizwa. Mkalimani alijua. Hakuna mtu katika pwani ile yote aliyejua kuliko yeye.

Hakula rushwa. Nalo liandikwe. Watu walimletea kuku, asali, mkungu wa ndizi, akawarudisha navyo. Mfungwa wa bara akikosa mtu wa kumtembelea gerezani, Mkalimani alikwenda Ijumaa baada ya sala na muhogo wa kuchemsha, akakaa naye wakazungumza kwa maneno ya kwao mpaka askari akachoka. Nilikuwa nikimsifu kwa hayo. Sasa ningefurahi kama angekula rushwa. Mtu aliyekuuza kwa kuku mmoja unaweza kumtukana ukapumua.

Nyumbani kwake alikuwa mwingine. Watoto wake walitakiwa waseme Kiswahili cha mjini, kilichonyooka, kama cha mtu aliyezaliwa msikitini. Neno la bara likimponyoka mtoto, palikuwa na kifimbo nyuma ya mlango. Watoto hao kutwa walikuwa kwetu, kwa sababu mama yangu alikuwa mpishi na hakuweza kuona mtoto amesimama bila kumpa kitu. "Kalibuni mlye," mama alikuwa akisema, naye alikuwa ametoka huko huko juu, kijiji cha nyuma ya Mitwero kidogo, ambako wasema hivyo. Watoto walikula, wakaenda kwao na neno la mama mdomoni, wakachapwa. Binti yake mdogo wa mwisho alikuwa akirudi kwetu analia, mkono umevimba, na mama anamwambia, "Basi nyamaza, mwanangu, kaa ulye." Mkalimani alisikia yote hayo kupitia ukuta. Jioni alikuja mwenyewe kuomba chumvi, akakaribishwa na maneno yale yale, akala.

Sikuwahi kumwuliza mbona kwa mama anakula na kwa watoto wake anachapa. Nilidhani watu wazima wote wako hivyo.

Kule Boma walikuwa na dhihaka zao. Kulikuwa na kesi ya mbuzi kati ya majirani wawili waliotenganishwa na kijito tu. Mmoja ameandikwa Mmwera, mwingine ameandikwa Mswahili, basi Bwana Shauri akaagiza kila neno lifasiriwe. Wale wawili walikuwa wametukanana ng'ambo kwa ng'ambo ya kijito miaka na miaka bila msaada wa mtu. Sasa mmoja akisema, mwingine tayari anamjibu kwa ukali, na Mkalimani yuko katikati anakimbizana na maneno yaliyokwisha fika. Alitusimulia barazani tukashika mbavu. Hata yeye alicheka machozi yakamtoka, akasema, "Serikali inanilipa nisimame kwenye mlango usiokuwepo."

Hayo ni maneno yake. Aliyasema akicheka, mbele ya mama yangu, naye mama alicheka pamoja naye.

Mwaka uliofuata baba alifariki.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'onda, samaki wa kukausha, mtu wa Lindi, na ndugu zake walikuwa watu wa kujiita Washirazi. Alituachia nyumba ya makuti yenye vyumba vitatu na shamba la minazi upande wa pwani. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Shauri la mirathi likikaa kwa Liwali, linaamuliwa kwa sheria ya Kiislamu, mjane ana fungu lake, binti ana lake, na sisi tunabaki ndani ya nyumba. Lakini mtoto wa shangazi yangu aliitaka nyumba ile. Kijana huyo alikuwa hampi mtu wa bara mkono bila kuufuta baadaye kwenye kanzu. Akakumbuka ghafla kwamba mama ni Mmwera. Akakumbuka pia kwamba mila ya Wamwera humpa mtoto wa dada mali ya mjomba wake, na mjane hurudishwa kwa kaka zake pamoja na alichozaa. Siku hiyo mila ya watu aliowaita washenzi ikawa tamu mdomoni mwake. Akaenda Boma akasema shauri hili si la Liwali, ndoa ya mjomba ilikuwa ya kibara, mwanamke ni wa bara, lipelekwe baraza la kwao. Ukiuliza mila ya Wamwera imeingiaje katika nyumba ya Mshirazi, unauliza nililouliza mimi maisha yangu yote.

Bwana Shauri alipenda kila kitu kikae mahali pake, kama vyombo kabatini. Kila mtu na kabila lake, kila kabila na lugha yake, kila lugha na baraza lake. Kwake jambo lilikuwa rahisi. Mwanamke akiwa Mswahili, atasikilizwa na Liwali. Akiwa Mmwera, aende kwao. Na atajuaje? Amsikilize akisema.

Nilikuwepo. Nilikaa sakafuni kando ya mama, na yeye alikuwa amevaa buibui lake jipya la eda. Aliambiwa aseme, akasimama, akasema kama alivyosema siku zote.

"Bwana mkubwa, halusi yangu ilisomwa hapa hapa Lindi, watu wakalya pilau. Nyumba ile nimeikandika kwa mikono hii. Mume wangu kanifia mapajani, akaniambia nisitoke."

Bwana Shauri alikuwa amejifunza Kiswahili kwao, kwenye kitabu, na alikunja uso kama mtu aliyetiliwa mchanga kwenye wali. Akamgeukia Mkalimani. "Huyu anasema lugha gani?"

Pale ndipo ninapokaa mpaka leo. Mkalimani alisimama na koti lake la vifungo vya shaba, akatazama dirishani. Watu kwenye mabenchi walikuwa wamemwelewa mama, askari wa mlangoni alikuwa amemwelewa, karani alikuwa amemwelewa. Palihitajika mtu mmoja wa kusema. Jibu lilikuwa neno moja, na alilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai.

"Kimwera, Bwana," akasema.

Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akamfasiria. Alisema, kwa sauti yake nzuri ya kazini, "Anasema harusi yake ilisomwa hapa hapa Lindi, watu wakala pilau." Watu wakaanza kucheka. Askari akageuza uso ukutani mabega yanamtikisika. Mkalimani hakucheka, akaendelea mpaka mwisho, nyumba, mikono, mapaja, kila kitu kwa mpangilio. Alimfasiria mama yangu kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili, mbele ya mji, na Bwana Shauri akawa anaitikia kwa kichwa kwamba sasa anaelewa.

Mama alimtazama. "Bwana Mkalimani," akasema polepole, "pilau ile uliilya. Siku zote ukija kwangu, tulisemezana kwa vidole?"

"Anasema nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Anasema ananifahamu, Bwana."

Baada ya hapo mama alifunga mdomo. Aliulizwa maneno mengine, hakujibu hata moja, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa hajui Kiswahili.

Tukapelekwa bara. Nako kulikuwa na kichekesho, kama unapenda vichekesho vya namna hiyo. Wazee wa baraza walimsikiliza mama wakatazamana, mmoja akasema, "Huyu mbona Mswahili?" Walimwona ana maneno ya pwani, nguo za pwani, mikogo ya pwani. Lakini karatasi ilitoka Boma na ilisema Mmwera, na nani atabishana na Boma. Wakafuata mila. Nyumba na minazi vikaenda kwa mtoto wa shangazi, mama akakabidhiwa kwa kaka zake. Kaka mmoja alikuwa na kipande cha shamba upande wa Mitwero, akampa mama pembe moja. Tukajenga kibanda, tukapanda muhogo na mikorosho. Majirani wa huko walimwita mama Mswahili mpaka mwisho, na mjini alikuwa Mmwera. Mwanamke yule yule, maneno yale yale, na kote akawa mgeni.

Mke wa Mkalimani alitufuata huko siku moja, amevaa kanga ya kufunika uso. Alikaa kwenye kigogo akalia kabla hajasema. Alisema Bwana Shauri alikuwa ameanza kuuliza, mbona hawa watu wa bara wote naona wanasikia Kiswahili, kuna haja gani ya mkalimani? Mumewe akawa hapati usingizi. "Angesema yule ni Mswahili," mkewe akasema, "Bwana angemwuliza, basi wengine wote wanaokuja hapa ni nini? Kazi ingekwisha pale pale, shoga yangu. Nina watoto saba."

Mama alimpa uji. Mimi nilitaka nimwage. Mama akaniambia, kwa upole ambao sikuurithi, kwamba mwanamke yule hakusema kitu mahakamani. Sikukuu iliyofuata Mkalimani alituma mchele kwa mtu, mchele mzuri wa Rufiji. Huo mama hakuupika. Aliufungua, akautazama, akawamwagia kuku.

Mtoto wa shangazi aliezeka nyumba yetu kwa mabati. Nilikuwa nikiteremka mjini kuuza korosho napita mlango kwa mlango pale, na Mkalimani yuko barazani vile vile, anasalimu watu wa ufuta vile vile. Alikuwa akiniita kwa jina langu la utotoni. Kwa adabu niliyofunzwa nilimpa shikamoo, naye aliitikia marahaba, na shikamoo yangu ilikuwa chungu kama shubiri. Nilisikia anawaambia vijana habari za tui. Alikuwa bado anazisema! Sijui ni moyo gani unaweza kuendelea na mfano ule baada ya siku ile.

Mama alifia kwenye kibanda kile, mvua za vuli. Mkalimani alikuja mazikoni. Alisimama safu ya mbele wakati wa kumswalia, na nimeambiwa na wanaume kwamba aliitikia dua kwa sauti kubwa kuliko wote. Kufiwa kulinichosha, la sivyo ningekwenda kumtoa pale kwa kanzu yake.

Naye alikufa miaka michache baadaye, Waingereza wakiwa wanakaribia kufungasha. Walimzika mjini, kwenye makaburi ya wenye mji, na kwenye matanga ilisomwa kwamba ni mtu wa Kilwa. Haya wengi wanayajua. Ninalotaka kusema ni la siku mbili kabla hajafa.

Binti yake wa mwisho, yule wa kuchapwa, sasa mama mzima, alikuja kwangu baada ya alasiri. Nilikuwa nimeolewa mjini wakati huo. Alisimama mlangoni hataki kuingia. "Dada," akasema, "naomba uje. Baba anasema maneno, kaka anasema hayafahamiki. Nikasema wewe utayajua, ulivyolelewa na marehemu mama yako."

Nilikwenda. Nisijipambe, sikwenda kwa huruma. Nilitaka kumwona amelala chini.

Alikuwa kwenye kitanda cha kamba, amekwisha, masikio tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake. Watoto wake wamemzunguka. Mwanawe mkubwa, karani wa forodha, suruali imepigwa pasi, alinipa kiti kama anampa fundi. "Tangu jana hasemi Kiswahili," akaniambia. "Homa imempanda kichwani. Sikiliza, kama kuna kitu utuambie."

Mkalimani alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yangu. Sisemi inafanana. Ilikuwa kijiji kile kile, au cha pili yake, swali linavutwa mwishoni vile vile.

"Mnipeleke kwa mama," alikuwa akisema. "Mnilaze kalibu yake. Pale kisimani."

Kumbe Kilwa yote ile, kofia yote ile. Alikuwa wa huko juu kwetu. Alipotazama dirishani siku ile badala ya kumtazama mama, alikuwa anamkimbia mtu wa kwao, aliye kama dada yake.

Niliwageukia watoto. "Anataka azikwe kwao. Kando ya mama yake, huko nyuma ya Mitwero."

"Kwao wapi?" karani akasema. "Baba ni mtu wa Kilwa."

"Mimi nakupa alilosema."

"Hilo analosema si lugha, dada. Ni homa."

Mgonjwa alilisikia. Masikio yale hayakuugua. Alimtazama mwanawe, akasema tena, pole pole, kila neno peke yake kama anayempa mtoto maji kwa kijiko: mnipeleke kwa mama. Binti mdogo alianza kulia kabla sijasema kitu. Nikarudia kwa Kiswahili cha mjini kilichonyooka. Karani akatazama dirishani.

Ndipo Mkalimani akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Alinitambua, sidhani alinichanganya na mtu. "Mwambie mama yako," akasema, "siku ile nilimsikia."

Yapo maneno mema ya kumwambia mtu anayekata roho, na nayajua, nimefunzwa. Sikuyaona moyoni mwangu. Nilimjibu kwa maneno ya kwetu, "Mama keshakufa. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Akafumba macho, hakuniachia mkono. Nilikaa mpaka alipouachia, nikasimama nikatafuta kanga yangu.

"Mmeambiana nini?" karani akauliza. "Amesema nini mwisho?"

"Ulikuwepo," nikamwambia. "Umesikia."